Kiingereza hakina ngeli za kutukinga

Mhariri,

Katika insha za Kiingereza za wanafunzi wetu, maelezo yaliyokaa mahali pasipo pake ni kosa la kila siku. Walimu wengi hupiga mstari mwekundu na kupita, bila kumwonyesha mtoto kosa limetoka wapi.

Chanzo ni sarufi tuliyoizoea. Hata tukisema "Amenunua meza kwa mzee yenye miguu mifupi", hakuna atakayedhani miguu ni ya mzee, maana "yenye" inapatana na meza. Kiingereza hakina upatanisho wa namna hiyo. Kinachoamua ni ukaribu. Kwa hiyo "He bought a table from an old man with short legs" humpa mzee miguu ya meza. Rekebisha kwa kuhamisha: "He bought a table with short legs from an old man."

Gumu zaidi ni kirai cha -ing mwanzoni mwa sentensi. Sisi husema "Nilipokuwa nikienda shule, mvua ilianza", na "ni" humtaja mtendaji. "Walking" haina nafsi. Msomaji wa Kiingereza humtafuta mtendaji katika nomino ya kwanza baada ya mkato, hivyo katika "Walking to school, the rain began", mvua ndiyo inayokwenda shule. Hapa kuhamisha hakusaidii: "The rain began walking to school" ni mbaya zaidi, kwa sababu mtendaji hayumo kabisa. Lazima aingizwe: "Walking to school, I was caught in the rain", au "As I was walking to school, the rain began."

Vielezi vifupi navyo viangaliwe. "He lost nearly all his goats" maana yake amebakiwa na wachache. "He nearly lost all his goats", huenda hakupoteza hata mmoja.

Mwanafunzi anaporudia kazi yake, achore mshale kutoka kila maelezo hadi neno linaloelezwa. Mshale ukiruka nomino nyingine, asome tena kwa makini: huenda maelezo yamenaswa na nomino hiyo. Asipopata pa kuuelekeza, aongeze mtendaji.

Tusimkate alama, hata hivyo, aliyeandika "Generally speaking, maize is cheaper after the harvest." Mahindi hayasemi, lakini msemo huo umekubalika katika Kiingereza sanifu.

Mwalimu wa Kiingereza,
Tanga