Salamu za Idd kutoka Mumias, na habari za ndege wa mvua ndefu

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh, jamaa na marafiki.

Idd mubarak kwenu nyote: mlio hapa Mumias, mlio Kisumu na Nakuru, mlioshuka Budalang'i kuwaona wazee, na wale wachache wetu walioitikia mwito wa Hijja mwaka huu. Mungu awakubalie na awarudishe salama. Majirani zetu Wakristo, ambao kila Idd hukaa nasi mkekani na kumaliza pilau kabla ya wenyeji, karibuni tena. Sufuria ni ileile.

Wengi wenu mnajua ugonjwa wangu wa kutazama ndege, na mnajua kwamba salamu zangu haziwezi kuisha bila wao. Vumilieni. Safari hii wana haki ya kutajwa, kwa sababu Idd imeangukia pale pale walipo.

Kalenda yetu ya mwezi hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo Idd haina msimu wake. Mwaka 2006 Idd ya kuchinja ilitukuta Januari, vumbi la matrekta ya miwa likituingia hadi kwenye kanzu mpya. Sasa imetukuta mvua ndefu zikielekea mwisho, mahindi yamefika kiunoni, na njia ya kwenda kuswali ni tope tupu. Itachukua karibu miaka 33 kabla ya kuzunguka na kurudi majira haya. Ndege hawana habari na mwezi mwandamo. Wao hufuata jua, mvua na wadudu, na mwaka baada ya mwaka huwa palepale.

Mnakumbuka Ramadhani? Machi ile, nyaya za umeme za kutoka hapa hadi Ekero zilikuwa zimejaa mbayuwayu, wale wenye koo jekundu na mkia wenye ncha mbili ndefu. Mbayuwayu mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, na kwa mwili huo huvuka Sahara kwenda kutaga Ulaya na Asia. Kabla ya kuondoka hula bila kupumzika ili apate mafuta ya kuchoma njiani. Sisi tulikuwa tunafunga, wao wanajaza. Keremkerem nao walipita juu, hawa wa kutoka Ulaya wenye koo la manjano na tumbo la buluu, na ukiwa ndani ya nyumba utawajua kwa mlio wao wa kukoroma kwa upole kabla hujawaona. Kufikia katikati ya Aprili nyaya zilikuwa tupu. Usiku, tulipokuwa tukisoma Surat al-Mulk na kufikia pale panapotajwa ndege wanaokunjua na kukunja mbawa juu ya watu, mimi akili yangu ilikuwa imeshafika Misri pamoja nao. Nisameheni.

Wale wakaenda, wengine wakaja. Mvua ya kwanza ilipopiga, kekeo yule wa kifua chekundu akaanza sauti zake tatu zinazoshuka, alfajiri hadi jioni, na akiudhi kweli hulia hata usiku. Kukhu, bibi yetu, alikuwa akimsikia anauliza jembe liko wapi. Huyu ndege ni hodari wa kusikika na bingwa wa kujificha, tena ulezi si kazi yake: jike hutaga kwenye kiota cha ndege mdogo, na mwenye kiota hulea kinda kubwa kumshinda mwenyewe.

Mnana wa kwenye mikalitusi karibu na msikiti wamefanya kazi kubwa mwaka huu. Dume ndiye fundi. Huchana majani ya migomba na ya mahindi kuwa nyuzi, hufuma kiota, kisha huning'inia chini yake akipiga mbawa na kupiga kelele mpaka jike aje kukagua. Jike akikataa, kazi imekwisha. Majani yakishakauka na kupoteza rangi hakuna atakayeyataka, na dume mwenyewe hukibomoa kiota na kuanza upya. Vijana wanaotafuta wachumba, tazameni juu mkitoka kuswali. Kule bondeni kwenye nyasi ndefu kuna dume mwingine, mdogo, ambaye sehemu kubwa ya mwaka huvaa kahawia kama shomoro na humtilii maanani. Mvua ikija anageuka mwekundu wa moto na mweusi, anajivimbisha na kuruka juu ya mabua kama kijana aliyenunuliwa suti ya Idd.

Sasa aluru. Wajaluo huwaita hivyo, kwetu ni isindu, Kiswahili ni tombo, na hakuna ndege anayeijua mvua ndefu kuliko yeye. Huja nyasi zikishachipua, na mnawajua wazee walivyokuwa wakimtega: dume anawekwa kwenye kikapu kidogo kilichofumwa, kikapu kinatundikwa juu ya mti mrefu shambani, anaita kabla ya alfajiri, na wenzake wa porini wanamjia hadi kwenye vitanzi. Nyama yake ni halali, na kama ndiye salwa walioteremshiwa watu wa Nabii Musa pamoja na manna, basi ni chakula chenye historia. Lakini hata neema hii tuliigeuza kuwa wazimu. Mwaka 2013 hadi 2014 Kenya nzima iliamini kwamba mayai ya aluru yanatibu kila kitu. Watu walikopa, wakaomba leseni za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, wakajenga vizimba, wakafuga aluru wa Kijapani kwa mamia. Kisha kila mtu akawa muuzaji na mnunuzi akakosekana. Katika ukoo huu nawajua waliobaki na mayai hadi yakawanukia chumbani, ila leo ni Idd, sitawataja.

Nafika kwenye jambo lililonifanya niandike barua ndefu.

Walioko Bunyala mnalifahamu, na walioko mjini huenda mmelila bila kulifahamu. Mashamba ya mpunga kule huvuta ndege wengi, hasa korongo mweusi ambaye mdomo wake ukifungwa huacha mwanya katikati. Mdomo ule ni wa kulia konokono na kome, ndiyo riziki yake. Kwa miaka mingi baadhi ya wawindaji wamekuwa wakiwategea korongo hawa sumu: dawa ya wadudu ya mashambani, kabofurani, inatiwa ndani ya konokono, konokono anatupwa majini, na korongo mmoja aliye hai anafungwa pale ili wenzake waone pana usalama washuke. Wanaanguka kwa makumi. Wananyonyolewa na kuuzwa, na huko sokoni huambiwi walivyokufa.

Leo, siku ambayo kila nyumba yenye uwezo inauliza kisu kimenolewa vipi na nani atasema bismillahi, naomba tulitazame hili kwa macho ya sheria yetu wenyewe. Ndege aliyekufa kwa sumu ni kibudu. Hakuna mjadala. Na mwenye kusema, "Huyu tulimkuta bado anahema, tukamchinja," nitamjibu kwamba sumu haisikii bismillahi. Kabofurani hushambulia mishipa ya fahamu, ya ndege na ya binadamu vilevile. Wapo wanaodai ukitoa matumbo na kuchemsha sana hakuna neno. Wale hawajawahi kuniambia ni nani aliyepima hiyo supu. Mama mwenye mimba na mtoto wa miaka minne hawana haja ya kuwa kipimo.

Siwalaumu wakulima. Kwelea wanapoingia shambani ni balaa, kila mmoja anaweza kula gramu 10 za nafaka kwa siku, na kundi lao huwezi kulihesabu. Mwanzoni mwa 2023 walivamia mpunga wa Kisumu hadi serikali ikapeleka wanyunyizaji. Ni haki ya mkulima kulinda alichopanda, ijapokuwa dawa ya kunyunyizia kwelea nayo huua mwewe na tai wanaookota mizoga. Lakini yule korongo hali mpunga. Anaondoa konokono, analipwa sumu. Kwa hiyo ombi langu la Idd ni dogo: ukiuziwa ndege wa porini aliyekwisha nyonyolewa, usinunue, hata akiwa wa bei rahisi. Na mlio na sauti misikitini kule chini, litieni neno hili kwenye hotuba.

Tuondoke huko. Shangazi wa Nakuru ameuliza flamingo wamekwenda wapi, maana wajukuu wanaona picha za zamani ziwa likiwa la waridi na wakifika hawakuti kitu. Tangu mwaka 2010 hivi Ziwa Nakuru limekuwa likipanda, likameza lango kuu la zamani la hifadhi na kuua migunga ya ukingoni. Flamingo mdogo hula mwani wa buluu na kijani unaostawi kwenye maji ya magadi makali; maji matamu yakizidi, magadi yanapungua, mwani unapungua, na yeye anahamia Bogoria au kwingineko. Hajapotea, ila amefuata sahani. Tena msimtafute na kiota Nakuru: karibu wote wa Afrika Mashariki hutaga Ziwa Natron, Tanzania. Badala yake wapelekeni watoto wakaone mnandi waliojazana kwenye migunga ile iliyokufa, na mwari wakivua pamoja kwa duara. Maji yaliyomfukuza mmoja yamemkaribisha mwingine. Kama hiyo ni hasara au faida, inategemea unamuuliza nani; anayeuza picha za flamingo langoni nadhani ana jibu lake.

Kisumu nilifika Dunga msimu huu, alfajiri, kwa mashua ya kasia. Nilimtaka ndege mmoja tu, yule wa mafunjo, mgongo mweusi, kifua chekundu cha damu, utosi wa manjano. Yeye haishi popote ila kwenye mafunjo ya Ziwa Viktoria na mabwawa ya nchi jirani. Dume na jike huitikiana kwa haraka mno hadi unadhani ni ndege mmoja. Nilimsikia kwa muda mrefu, nikamwona kwa muda mfupi, nikaridhika. Vijana wanaoongoza wageni pale wanajua kila kichaka, wapeni kazi mkifika. Jamaa mnaosuka mikeka na viti mnajua pia kwamba mafunjo hukatwa na yakamea tena. Shida ni moto, na shida ni kukata ukingo wote kwa mpigo kipindi hiki ambacho makinda bado yamo ndani. Acheni vipande vipande. Mkeka utasubiri mwezi mmoja.

Siku yenyewe ya Idd, jihadharini na mwewe. Wanajua. Kisu kikishaanza kazi wanakuwa juu ya ua wakizunguka, na mtoto aliyetumwa na sahani ya maini kwa jirani anaweza kufika na sahani tu. Sitaki mtu awapige mawe. Wana fungu lao, hata kama hawakuliomba kwa adabu.

Na mkiwa mnangoja nyama iive, wasimulieni watoto habari za Hijja kwa upande huu ambao hatuusemi sana: mtu akishavaa ihramu haruhusiwi kuwinda mnyama wala ndege wa nchi kavu, na ndani ya eneo takatifu la Makka windo halifukuzwi hata kwenye kivuli lilipopumzika. Samaki ameruhusiwa, kwa hiyo jamaa wa ziwani pumueni. Waambieni pia kuhusu hudihudi aliyemletea Nabii Sulaiman habari za malkia wa Sabaa, halafu mtoke nje mkamtafute, kwa sababu anapatikana hapahapa, akichokoa ardhi kwa mdomo mrefu na kufungua kishungi chake. Yumo katika viumbe wanne ambao Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza wasiuawe: sisimizi, nyuki, hudihudi na ndege aitwaye surad. Huyo wa mwisho ana ndugu yake tunayemwona kila siku juu ya waya, mweusi kwa mweupe, mwenye tabia ya kumchoma panzi kwenye mwiba au seng'enge na kumrudia baadaye. Watoto wa shule wenye manati wasikie hilo na mimi nikiwapo.

Kwa wafiwa, hii ni Idd ya kwanza bila wapendwa wenu, na tunawaombea. Wagonjwa, Mungu awape afueni. Kwa walioko ughaibuni, hasa nyinyi mlio Uingereza na Ujerumani: mbayuwayu kama wetu wako kwenu sasa hivi, wanalea. Mkiwaona kwenye zizi au chini ya paa, wasalimieni kwa Kiwanga.

Fungu la maskini litagawiwa nyumbani kwetu baada ya adhuhuri, mje na vyombo vyenu. Anayetoka Nakuru asisahau darubini aliyoazima mwaka jana. Taqabbalallahu minna wa minkum, na Idd njema.