Mashabiki wa softiboli, hakuguswa lakini ni auti

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wazazi wenzangu tunaokutana uwanjani Jumamosi huku Eastlands. Wasichana wangu wawili wanacheza softiboli, ule mchezo wa gongo na mpira ambapo anayepiga hukimbia kuzunguka vituo viitwavyo besi, nami ndimi ninayeandika pointi pembeni, kwa hivyo kelele zote huishia masikioni mwangu.

Ugomvi ni ule ule. Mtoto anagonga mpira unabingirika chini, mwenzake aliyekuwa besi ya kwanza anatimua mbio kwenda ya pili. Mlinzi wa besi ya pili anapokea mpira, anakanyaga besi, refa anainua ngumi: auti, yaani mkimbiaji ametolewa. Hapo baba fulani anaruka juu: "Hata hajaguswa!"

Kweli hajaguswa, na si lazima aguswe. Aliyegonga lazima aende besi ya kwanza, na besi moja haikai wakimbiaji wawili, basi aliyekuwa pale hana budi kuhama. Mwenye mpira akiikanyaga besi anayoiendea kabla hajafika, amekwisha. Lakini kama besi ya kwanza ilikuwa tupu na mkimbiaji yuko ya pili, hakuna anayemfukuza. Akijitia kwenda ya tatu, sharti aguswe kwa mpira au kwa glavu iliyoushika. Refa akiamua hivi sasa na vile baadaye, msiseme amehongwa; angalieni kwanza nani alikuwa besi gani.

Jambo jingine ni hizo "Kimbia! Kimbia!" zenu mpira ukiwa bado hewani. Ukidakwa kabla haujagusa chini, mpigaji ni auti, na mkimbiaji aliyekwisha kuondoka lazima arudi aguse besi yake. Wakiuwahisha mpira pale kabla yake, naye ni auti. Nimeandika auti mbili kwa mpigo kwa sababu ya makelele hayo, na mtoto akalia.

Mengine ni mepesi. Mrushaji hurusha kwa mkono wa chini. Mkimbiaji haachi besi kabla mpira haujatoka mkononi mwa mrushaji. Straiki 3, yaani mipira aliyoikosa au mizuri aliyoiacha, ni auti; boli 4, yaani mipira iliyorushwa vibaya naye asiipige, mpigaji anatembea bure hadi besi ya kwanza. Auti 3, timu zinabadilishana, na kanuni inataka zamu 7 za kupiga kwa kila timu, si muda wa saa, kwa hivyo tafadhali msiniulize zimebaki dakika ngapi.

Nawe Mhariri, ukurasa wako wa michezo una nafasi ya kila uvumi wa uhamisho wa wachezaji wa Uingereza. Softiboli iliingia Olimpiki mwaka 1996 kule Atlanta, na inarudi Los Angeles mwaka 2028. Tuchapishie mchoro mmoja tu wa uwanja, wenye besi zote na walinzi 9 kila mmoja mahali pake. Nitautoa fotokopi kwa pesa zangu na kumgawia kila mzazi anayeingia.

Mama Zawadi,
Umoja, Nairobi