Wekeni penseli chini, shikeni mita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nipinge ushauri unaopokezanwa na vijana wanaokimbiza kompyuta zao kupita kasi ya kiwandani: kwamba kadi ya grafiki ikigoma kupanda kasi, rezista fulani (kijenzi kidogo kinachozuia umeme) ipakwe penseli hadi mambo yatulie. Volti zitapanda kweli. Tatizo ni kwamba aliyepaka hajui zimepanda kiasi gani, wala kesho zitakuwa ngapi.

Chipu inayodhibiti umeme wa kadi hutazama mguu wake mmoja, mguu wa mrejesho, na kazi yake ni kuhakikisha hapo panabaki volti zilezile, mara nyingi 0.6 au 0.8. Mguu huo umekaa katikati ya rezista mbili: ya juu inatoka kwenye umeme uendao kwenye kiini (chipu kuu ya kadi), ya chini inakwenda graundi (upande hasi wa umeme). Tuseme ya juu ina ukinzani wa omu 1,000, ya chini 2,000, na mguu unataka volti 0.8. Kiini kitapata volti 1.2. Ukipunguza ukinzani wa ile ya chini, mguu unaona umeme umepungua na chipu inaongeza ili kufidia. Ujanja wote ndio huo.

Unga wa penseli hupunguza ukinzani, lakini hubadilika kwa unyevu, hubanduka kwa kuguswa, na kwenye rezista yenye urefu wa milimita moja huvuka kirahisi hadi kwa jirani yake. Ukikosea ukapaka ya juu, volti zinashuka, halafu mtu anazidi kupaka akidhani hajatosheleza!

Anayetaka kuifanya kazi hii sawasawa atumie rezista ya kurekebishika kwa bisibisi, ya mizunguko 25, aiunganishe kati ya mguu wa mrejesho na graundi. Atoe kadi kwenye mashine, apime kwa mita ya umeme ukinzani kati ya sehemu hizo mbili, kisha azidishe mara 20. Katika mfano wetu mita itasoma kama omu 667, si 2,000, kwa kuwa ukinzani wa kiini ni mdogo mno na rezista ya juu inahesabika sambamba na ya chini. Mara 20 ni kama 13,000, kwa hiyo achukue ya 20,000.

Sasa tazameni hesabu. Rezista ikiwa kwenye omu 20,000, kiini kinapata volti 1.24. Kwenye 10,000 ni 1.28, kwenye 5,000 ni 1.36, kwenye 2,500 ni 1.52. Kila ukinzani unapopungua nusu, nyongeza inakuwa maradufu, kwa hiyo mizunguko ya mwisho ya bisibisi ndiyo inayoua. Ikifika sifuri, mguu umepigwa shoti na graundi, chipu inafungua umeme wote, na kiini hakina cha kujitetea. Tena kinga ya volti kupita kiasi, ikiwa inatazama mguu huohuo, haitashtuka, maana mguu tayari umedanganywa.

Dawa yake ni rahisi na wengi huiruka: weka rezista ya kawaida ya omu 4,700 kwa mfululizo na ile ya kurekebishika. Hata ukizungusha hadi mwisho, volti zitaishia karibu 1.37. Mguu wa pembeni usiotumika wa rezista ya kurekebishika uunganishwe na ule wa katikati, ili mguso wa ndani ukilegea ukinzani uongezeke tu badala ya njia kukatika. Kabla ya kulehemu, zungusha hadi ukinzani wa juu kabisa na uthibitishe kwa mita. Waya ziwe fupi, sentimita mbili tatu, kwa sababu mguu wa mrejesho hudaka kelele za umeme kutoka koili (nyaya zilizoviringwa) zilizo jirani. Gundisha rezista kwenye bodi. Ikining'inia itang'oa shaba.

Baada ya kuwasha, ncha nyekundu ya mita iguse upande chanya wa kapasita (vihifadhi chaji) zilizo baada ya koili, nyeusi iguse graundi. Panda kwa volti 0.02, jaribu mashine ikiwa na mzigo, ndipo upande tena. Programu za kwenye skrini zisiaminiwe hapa: nyingi huonyesha volti zilizoagizwa, si zilizofika. Kadi zenye vidhibiti vya kidijitali zina mpangilio mwingine, na bila karatasi ya maelezo ya chipu husika zisiguswe.

Limebaki joto. Kutoka volti 1.2 hadi 1.36 pamoja na kasi asilimia 10 zaidi, kiini kinakula umeme karibu asilimia 41 zaidi. Wengi hulijua hilo, wakanunua kipozeo kikubwa cha kiini, kisha wakaziacha mosfeti, yaani transista zinazokilisha umeme, zikiwa uchi. Ampea zinazopita humo zimeongezeka kama robo, na kwa kuwa joto lake hufuata kipeo cha pili cha ampea, linazidi kwa asilimia kama 55. Kadi nyingi zinazosemekana "kiini kimeungua" zifunguliwe kwanza zitazamwe mosfeti. Vipozeo vidogo vya kubandika na feni ya sentimita 8 inayopuliza hapo viwekwe kabla bisibisi haijaguswa.

Msomaji, fundi wa bodi