Mawakala wawaelezee wasafiri njia nafuu ya kutoka Arlanda

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na vijana wanaofunga safari ya masomo au kazi kwenda Uswidi, na wazazi wanaowachangia nauli, kuhusu sehemu ya safari ambayo mawakala wetu wa usafiri hapa Nairobi huigusia kwa sentensi moja au huiacha kabisa, yaani kilomita 40 hivi zilizoko kati ya uwanja wa ndege wa Arlanda na katikati ya jiji la Stockholm.

Mpwa wangu alipokuwa akienda kusomea shahada ya uzamili, wakala aliyemkatia tiketi ya ndege alimwambia kwamba njia ya kufika jijini ni moja tu, treni ya kasi iitwayo Arlanda Express, akamuuzia na tiketi yake papo hapo. Treni hiyo ni nzuri na sina neno nayo. Ilianza kazi mwaka wa 1999 na humfikisha abiria jijini kwa dakika 20 hivi. Hata hivyo, nauli yake kwa mtu mzima ni zaidi ya krona 300 za Uswidi, ilhali mwaka wa 2024 tiketi ya kawaida ya usafiri wa umma wa Stockholm iliuzwa krona 42, nayo inatosha kabisa kumtoa mtu Arlanda na kumfikisha katikati ya jiji. Kwa mwanafunzi aliyebeba akiba ya familia nzima, tofauti hiyo ni chakula cha siku kadhaa, na ilinisikitisha kwamba binti huyo aliigundua baada ya majuma mawili, pesa zikiwa zimekwisha kwenda.

Njia yenyewe si ngumu. Nje ya jengo la abiria hupita basi nambari 583 linaloelekea mji mdogo wa Märsta, mwendo wa dakika 20 hivi. Hapo Märsta ndipo inapoanzia treni ya abiria wa kila siku, ambayo kwa chini ya dakika 40 hufika kituo cha Stockholm City, kilichojengwa chini ya ardhi na kufunguliwa mwaka wa 2017, kikiwa kimeungana na treni za mjini. Tiketi hutumika kwa dakika 75, kwa hivyo msafiri anayeshuka basi na kupanda treni halipi mara ya pili. Basi halipokei pesa taslimu. Abiria hugusisha kadi ya benki kwenye mashine au hununua tiketi kwa simu, na ndiyo maana inafaa kuhakikisha kabla ya kuondoka Nairobi kwamba kadi yako imefunguliwa kwa malipo ya ng'ambo.

Kuna jambo moja ambalo huwanasa wengi, na nalisisitiza kwa sababu hata mtu mwangalifu anaweza kulikosea. Treni hiyo ya abiria wa kila siku ina pia tawi linalopita chini ya uwanja wenyewe, katika kituo cha Arlanda Central. Anayeiona hudhani amepata njia nafuu bila kupanda basi. Kumbe kila anayepanda au kushuka katika kituo hicho hutozwa ada ya ziada, na ada hiyo pekee inazidi maradufu ya nauli yenyewe. Sababu ni kwamba reli ya kuingia uwanjani ilijengwa kwa ubia kati ya serikali na kampuni binafsi, nayo kampuni ikapewa haki ya kurudisha gharama zake kwa wasafiri. Anayepitia Märsta hailipi ada hiyo.

Nilifanya kazi miaka mingi katika ghala la mizigo la uwanja wa Jomo Kenyatta, na asubuhi na jioni nilipanda gari la nambari 34 pamoja na wafagiaji, wapishi na walinzi. Sikumbuki hata mara moja nikimwona mgeni aliyeshuka ndege akielekezwa kwenye gari hilo. Wote walipelekwa kwenye teksi. Nilipomtembelea mpwa wangu mwaka uliofuata, akanipokea Arlanda na kunipandisha hilo 583, niliwakuta ndani watu wenye sare na vitambulisho vya uwanja shingoni wakirudi nyumbani baada ya zamu. Nilijihisi nimo katika 34. Tangu hapo, kila anayeniomba ushauri humwambia kwamba akifika uwanja asioujua aulize wafanyakazi wa hapo huenda kwao kwa gari gani.

Wanaotafuta tiketi rahisi za ndege ndani ya Ulaya wajihadhari pia na uwanja wa Skavsta, ambao huuzwa kwa jina la Stockholm ingawa uko umbali wa kilomita 100 hivi, karibu na mji wa Nyköping.

Miji mikuu jirani ina hali tofauti. Mjini Oslo treni ya kasi ya Flytoget na treni ya kawaida hutumia reli ileile kutoka uwanja wa ndege wa Gardermoen, muda wa safari ukitofautiana kwa dakika chache tu, lakini nauli ya treni ya kawaida ni karibu nusu. Mjini Copenhagen treni za mjini huingia hadi uwanjani na hufanya kazi usiku na mchana, na Helsinki imeunganishwa na uwanja wake kwa treni ya kawaida tangu mwaka wa 2015.

Ombi langu kwa mawakala ni kwamba wanapomkabidhi mteja tiketi ya ndege, wamwandikie pembeni nambari ya basi na jina la kituo cha kubadilishia, hata kama hawapati chochote kwa kufanya hivyo. Nawe, Mhariri, ungetusaidia sana kama ukurasa wako wa safari ungechapisha maelezo hayo kabla ya mwezi Agosti, wakati wanafunzi wengi wanapoondoka.

Msomaji wako,
Embakasi, Nairobi