Kabla hujatia sahihi mkopo wa mashine

Mwanangu Nekesa,

Huku Bungoma tu wazima, baba yako anakusalimu. Nimefika juzi lakini akili bado iko kwenye karakana yako ya kushona sare za shule huko Nakuru.

Ulisema shida ni mashine, na kwamba ukichukua mkopo ukanunua ovaloki ya pili, ile mashine ya kuziba kingo za kitambaa, kazi itaenda mbio. Mimi nilikaa pale mlangoni nikaona mengine. Fundi wa kukata anamaliza jora kabla ya saa sita, kisha vipande vinalala kwenye magunia vikingoja kola. Siku ile kola zilipotoka upande mmoja mrefu, hakuna aliyejua mpaka zilipofika kwenye pasi, na gunia zima lilikuwa limeshashonwa. Mkafumua hadi usiku. Ovaloki mpya ingewaongezea tu za kufumua.

Hata Wajapani wa Toyota walianza na nguo kabla ya magari. Mtambo wa kufuma wa Sakichi Toyoda wa mwaka 1924 ulijisimamisha uzi ukikatika, usije ukaendelea kufuma kitambaa kibovu. Kampuni ya magari ya Toyota ilizaliwa 1937, na baadaye mhandisi wake Taiichi Ohno akawazoesha mafundi kutengeneza kile tu ambacho mwenzao wa mbele ameitisha.

Wewe anza na mabeseni mawili. Mkataji ajaze vipande vya mashati kumi kila beseni. Lisiporudi tupu asikate, ashike vifungo au pasi. Mwenye kola akiona kasoro apaze sauti, wote wasimame. Usimkaripie. Ukimkaripia mara moja tu, kasoro zitaanza kufichwa.

Lakini usiwaige Wajapani kwa kila kitu. Januari wazazi wanakujia wote kwa mpigo, kwa hiyo lazima uweke akiba kuanzia Novemba. Iweke ikiwa jora, isipokuwa zile saizi zinazotoka kila mwaka. Jora bado laweza kuwa shati la mtoto yeyote. Ukishakata makubwa na wateja wakaja na watoto wa gredi ya kwanza, pesa zako zimekwama kabatini.

Na mabeseni yakimpa mtu nafasi ya kupumua, usimwachishe kazi. Wenzake wakiona hivyo, nani atakuonyesha tena palipo na upotevu?

Jaribu hivyo muhula mmoja, ndipo tuongee habari ya ovaloki. Nimemtuma shangazi yako na unga wa wimbi, mpokee stendi Ijumaa.

Mama yako