Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara: tupimieni spana, hotuba zimetosha

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na majukumu yanaenda vizuri. Mimi ni fundi wa magari, sina cheo na wala sijawahi kualikwa kwenye makongamano yenu, ila nina gereji, nina vijana wananitegemea na nina sanduku la vifaa limejaa takataka zinazong'aa. Naandika hapa hadharani kwa sababu barua ya kawaida nilishaileta ofisini kwenu nikagongewa muhuri wa kupokelewa, muhuri mzuri kabisa, na mpaka leo kimya.

Wiki hii kijana wangu kapasukiwa na soketi usoni. Alikuwa anafungua nati za gurudumu kwa mashine ya upepo, kazi ya kila siku hiyo, ikalia paa! kipande kikamchana chini ya jicho. Chini ya jicho Mheshimiwa, sio kwenye jicho, na hiyo ni bahati yake tu, hamna mtu ofisini kwako wala dukani anayeweza kujisifia kwa hilo. Soketi yenyewe nyeusi, ubavuni imeandikwa ni ya impakti, yaani ya kutumia na mashine inayogonga. Nilivookota vipande nikakwangua kwa kisu ule weusi ukabanduka, kumbe ni rangi, chini yake kromu inameremeta. Yaani mtu kachukua soketi ya kawaida ya mkono, kaipaka rangi nyeusi, kaiandika impakti, kaifunga kwenye boksi zuri, ikapita kila sehemu inapotakiwa kukaguliwa mpaka ikafika mkononi kwa mtoto wa watu.

Nieleze kidogo, maana nahisi hata baadhi ya wasaidizi wako hawalijui hili. Soketi ya mkono inatengenezwa nyembamba na ngumu ili iingie kwenye sehemu finyu, alafu inapigwa kromu isishike kutu. Ya mashine inakuwa na ukuta mnene, chuma chake mara nyingi kimechanganywa kromu na molibdenamu, na kinapitishwa kwenye moto kwa namna ya kukifanya kivumilie kugongwa, kwa sababu ile mashine haisukumi nati, inaigonga, tena mfululizo. Ukichukua ya mkono ukaigongesha hivo itakaa siku mbili tatu alafu itapasuka, na vipande vyake ni vikali balaa. Hii sio siri ya mafundi. Kipo kiwango cha kimataifa, ISO 1711, sehemu ya kwanza inahusu spana na soketi za mkono, sehemu ya pili inahusu soketi za mashine. Watu walishakaa mezani wakazitenganisha. Kwetu sisi mwenye kutenganisha ni kopo la rangi.

Sasa Mheshimiwa, kilichoniuma zaidi ni kwamba siku chache kabla ya hapo nilikusikia ukisema mafundi ndio tunaolea soko la feki, kwamba tunapenda vya bei rahisi, na ukatumalizia kwa kutukumbusha kwamba rahisi ni ghali. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Haya, tuiongelee hiyo rahisi. Kwanza sio kila kifaa cha bei ya chini ni kibaya na sio kila mtu anahitaji cha gharama. Mtu anayetaka nyundo ya kupigilia msumari wa kuning'iniza picha ukutani, akanunua ya bei ya juu, huyo ana hela za kuchezea. Kifaa cha kukwangulia rangi ya zamani, brashi ya waya, kamba ya kupigia mstari, hivo vyote nunua cha chini, kikifa nunua kingine, hakuna atakayeumia. Hata bisibisi ya kufungulia makopo ya rangi (msikatae, wote mnafanya) iwe ya hovyo tu. Sisi mafundi tuna utaratibu wetu wa siku zote, ukianza kazi unanunua seti ya bei ya chini, kile kinachoharibika mapema ndio unajua unakitumia sana, hicho ndio unakitafutia kizuri. Ni utaratibu wa akili kabisa na umewasomeshea watu wengi watoto.

Ila kuna vitu utaratibu huo haufai. Chochote kinachozungusha kwa nguvu, chochote kinachokata, chochote kinachogongwa, na chochote kinachokaa kati ya mkono wako na umeme. Huko ukisubiri kiharibike ndio ujue, unajulia hospitali.

Chukua spana ya 13, spana ambayo kila fundi anaitafuta na kila siku imepotea. Inafungua bolti ya M8, yaani yenye unene wa milimita 8. Ikiwa nzuri mdomo wake unabana pande za nati. Ikiwa mdomo umekatwa ovyo, umezidi sehemu ndogo tu ya milimita, au chuma ni laini kinatanuka ukiweka nguvu, inashika kona peke yake, na kona zikishaliwa bolti inakuwa ya mviringo. Hapo ndio uone ile rahisi inavogeuka. Unaanza kutafuta koleo la kung'ang'ania, unaleta patasi, unaichoma moto, mwisho unaichomelea nati juu yake ili uipate, na ikikatikia ndani ya bloku ya injini ndio basi tena, keekee, uzi mpya, mchana wote umeisha. Mteja hailipi ile kazi. Mteja anakuangalia tu anajua wewe ndio umeharibu. Spana ilinipunguzia gharama asubuhi, jioni nimelipia bolti, muda, na jina langu. Na mkono pia, maana spana ikiteleza ngumi inaenda moja kwa moja kwenye chuma, angalia vidole vya fundi yeyote utaona.

Kwa hiyo tunajua rahisi ni ghali Mheshimiwa, hatukuhitaji hotuba. Tatizo letu ni lingine kabisa na ndio hili nataka ulisikie hata kama hutasoma kingine: hatuwezi kujua tunanunua nini. Bei haisemi ukweli. Spana ya bei ya chini na spana ya bei ya juu zimeandikwa "Chrome Vanadium" zote mbili, yaani chuma kilichochanganywa kromu na vanadiamu, zinang'aa zote mbili, zina boksi lenye picha ya injini zote mbili. Nimeshanunua za bei ya juu zenye jina kubwa la kampuni ya nje zikatanuka mdomo wiki ileile, zilikuwa feki, nililipa bei ya orijino nikapata chuma cha misumari. Alafu kuna seti moja ya bei ya chini haina jina la maana niliinunua zamani kwa shingo upande, mpaka leo naitumia. Sasa hapo unanilaumu napenda nini?

Na hayo maandishi hayamaanishi chochote peke yake. Vanadiamu kwenye chuma cha spana ni kidogo sana, hata asilimia moja haifiki, kazi kubwa iko kwenye moto. Chuma kinafuliwa kikiwa chekundu, kinachongwa, kinapashwa tena, kinazimishwa kwenye mafuta ili kiwe kigumu, alafu kinarudishwa kwenye moto wa chini ili kisiwe cha kuvunjika ovyo. Ukiacha kukizimisha kinakuwa laini, ukiacha hatua ya mwisho kinakuwa kama chupa. Kwa ninavoona mimi hao wa bei chee wanaruka hatua hiyo ya mwisho kuokoa muda na mafuta ya tanuri, au wanajaza tanuri kupita kiasi, hivo spana za pembeni zinaiva na za katikati haziivi, ndio maana kwenye seti moja unakuta spana mbili nzuri na tatu mbovu. Au labda ni vyuma chakavu vilivoyeyushwa bila kupimwa kuna nini ndani. Sijui, sio kazi yangu kujua, kuna watu wanalipwa mshahara wajue. Alafu juu ya yote inapigwa nikeli na kromu na hapo jicho haliwezi kukusaidia tena.

Mtasema tena shida ni Wachina. Hapana. Uchina wanatengeneza vifaa vya kila ngazi, vibovu na vizuri sana, inategemea mwagizaji kaagiza nini na kalipa nini, na baadhi ya majina makubwa mnayoyaheshimu yanatengenezewa hukohuko. Hata hao Wajerumani tunaowaheshimu sana kwa spana, mwaka 1876 mhandisi wao wenyewe, Franz Reuleaux, alienda kwenye maonyesho ya Philadelphia kule Marekani akaandika kwamba bidhaa za nchi yake ni rahisi na mbovu. Mwenyewe kasema! Na wakati huo visu vilikuwa vinatengenezwa Solingen, mji wa Ujerumani, vinagongwa jina la Sheffield, mji wa Uingereza, ili viuzike. Waingereza hawakuwahutubia wanunuzi wao kwamba mnapenda rahisi. Mwaka 1887 walitunga sheria ya alama za bidhaa, ukileta mzigo wenye maandishi ya kudanganya unakamatwa, kitu cha Ujerumani kiandikwe ni cha Ujerumani. Wajerumani nao wakanyanyuka, wakaboresha, yale maandishi yaliyowekwa kama aibu yakageuka sifa. Mwaka 1938 hata jina la Solingen lenyewe likalindwa kwa sheria. Naandika haya sio kukufundisha historia, una washauri wasomi, nakukumbusha tu kwamba kazi hii ilishafanyika na watu waliokuwa hawana hata kompyuta.

Na kwa mafundi umeme ni mbaya zaidi kuliko kwetu. Plaizi nyingi zina plastiki nyekundu na njano kwenye mshiko, zimeandikwa 1000V, basi. Plaizi ya kweli ya umeme inafuata IEC 60900, kiwango cha kimataifa cha vifaa vya mkono vya kazi ya umeme, ina alama ya pembetatu mbili, na kila moja inatakiwa ipimwe kwa volti 10,000 kabla ya kutoka ili wewe uishike kwenye 1000 kwa amani. Ile nyingine plastiki imechovywa tu, ukiivuta inatoka kama soksi. Zinauzwa pamoja, kwenye ndoano moja, na muuzaji mwenyewe hajui tofauti. Anayeijua tofauti ni aliyepigwa shoti, na huyo huenda hayupo wa kuuliza.

Mheshimiwa ulituahidi. Ulisema kutakuwa na ukaguzi wa vifaa vya mkono kabla havijaingia sokoni, ukasema kutakuwa na nembo, ukasema kutakuwa na namba ya simu ya kuripoti. Namba ya simu ipo kweli, nimepiga, inaita. Nembo nayo tumeiona, ilikuwa kwenye boksi la hiyo soketi iliyopasuka. Sijui ni feki nayo au ni ya kwenu kweli, na ukweli sijui ipi kati ya hizo mbili ingenikasirisha zaidi.

Siombi mpige marufuku vifaa vya bei ya chini, tafadhali sana msije mkaelewa hivo mkaanza kubomolea wauzaji wadogo vibanda, hao hawapaki rangi soketi. Mkipiga marufuku kijana anayeanza kazi leo ataanzaje? Aiuze spana rahisi anayetaka, ila aiandike ukweli. Kama ni chuma cha kawaida aseme cha kawaida. Kama soketi ni ya mkono iandikwe ya mkono. Mwagizaji jina lake liwepo kwenye boksi ili ikipasuka nijue mlango wa kugonga. Nikishajua, kununua rahisi au ghali ni shauri langu na mfuko wangu.

Nilikuwa na orodha ndefu ya maombi, nimeifuta, naona nikiomba mengi mtaunda kamati. Naomba moja. Nunueni spana na soketi madukani kama mteja wa kawaida, bila king'ora na bila waandishi wa habari, mzipeleke maabara mzipime ugumu. Mashine ya Rockwell ipo duniani tangu mwanzoni mwa karne ya 20, inabonyeza ncha ndogo kwenye chuma inasoma namba, spana moja inapimwa kabla hujamaliza chai yako. Zifungeni kwenye jiriwa mzipe nguvu ile ambayo kiwango kinasema zivumilie, muone ipi inatanuka na ipi inavunjika. Alafu mtangaze majina. Yaliyofaulu na yaliyofeli, na bei zake pembeni, sisi wenyewe tutajua la kufanya, soko litajisafisha bila hata askari mmoja.

Pimeni, mtangaze. Hakuna sheria mpya inayohitajika hapo. Kama mashine ya kupimia haipo tuambieni haipo, mafundi tutachanga, sitanii, tumechangia mambo ya ajabu zaidi ya hilo. Kama ipo na imefunikwa turubai kwa sababu haina mtu, tuambieni pia. Na kama mlishapima na majibu yapo kwenye faili, basi Mheshimiwa kwa heshima zote nakuomba ulifungue hilo faili, maana vijana wanafungua nati kila siku na mimi sina jibu la kuwapa wakiniuliza soketi ipi ni salama.

Wako katika ujenzi wa taifa (na gia boksi),

Fundi wa magari