Barua ya wazi kwa mpwa anayetaka kukereza kalamu kwa mbao za jahazi

Mpwa wangu,

Salaam nyingi. Umeuliza ununue kerezo gani, yaani mashine ya kuzungusha mti unapochongwa, ili zile mbao za jahazi kuukuu ziwe kalamu. Swali la mashine lisubiri kidogo. Kerezo dogo la mezani linatosha, na kuukereza mwili wa kalamu moja hakuzidi nusu saa kwa mtu aliyezoea mkono. Kinachoamua kama kalamu itadumu ni kazi inayotangulia. Mbao hizo zimeishi baharini, na bahari bado imo ndani yake: chumvi, mafuta, chokaa na chuma. Usipovitoa wewe, vitajitoa vyenyewe mfukoni mwa mteja.

Anza na chuma. Misumari ya jahazi huvunjikia ndani, kichwa kikaliwa na kutu huku mwili wake umebaki. Pitisha sumaku kali pande zote nne za ubao, kisha kata mbali na kila mahali panapovuta. Pembeni mwa msumari mti hugeuka mweusi kwa kuwa chuma hukutana na asidi iliyomo katika mti. Weusi huo uhifadhi! Ndio unaoipa kalamu uso ambao mbao mpya haiwezi kuwa nao. Chuma chenyewe ndicho hutakiwi kukiacha, maana kipande kidogo tu kinavunja ncha ya patasi na kinaweza kuruka usoni. Kalafati (pamba iliyoziba nafasi kati ya mbao), rangi na chokaa kwangua kwa kisu kizee, si kwa randa nzuri. Chokaa hula makali.

Halafu chumvi. Wengi huiruka hatua hii, ndiyo maana kalamu nyingi za mbao za pwani hupata ukungu mweupe chini ya mng'aro wake baada ya masika moja. Chumvi huvuta unyevu hewani, unyevu huinua vanishi, na mrija wa brasi ulio ndani huanza kuota kutu ya kijani. Usiloweke ubao mzima, maji hayatafika katikati. Pasua kwanza vijiti vya milimita 25 kwa 25, urefu wa sentimita 15, uviloweke kwenye ndoo, na ubadilishe maji kila siku kwa wiki mbili au tatu. Maji ya visima vyetu vya pwani mara nyingi yana chumvichumvi, kwa hiyo maji ya siku za mwisho yawe ya mvua. Ukitaka kujua kama imetoka, chukua kijiko cha maji ya ndoo, kiache kikauke juu ya mfuniko mweusi wa sufuria. Ukibaki unga mweupe, endelea.

Kausha kivulini, penye upepo, na ncha zote mbili zimepakwa nta ya mshumaa iliyoyeyushwa. Juani ncha hukauka kabla ya tumbo na mti hupasuka. Pima kila wiki kwa mizani ya jikoni. Uzito ukiacha kushuka, mti uko tayari. Hapo upasue tena hadi milimita 20 kwa 20. Taruma, yaani ubavu wa jahazi, liangalie kwa makini, kwa sababu mafundi hulichagua kwa mkunjo wa asili wa mti: fuata mkondo wa nyuzi hata kama ubao utapotea kwa wingi. Nyuzi zikikatisha mwili wa kalamu, utapasuka siku ya kuunganisha.

Mafuta ndiyo adui wa gundi. Juu ya mstari wa maji jahazi hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na sifa haitoki kwa maji. Ukishatoboa tundu la mrija, pangusa ndani ya tundu kwa asetoni na tia gundi muda mfupi baadaye. Ukingoja hadi kesho, mafuta yatapanda tena juu.

Sasa vipimo. Kalamu nyembamba ya kuzungusha, ndiyo ya kuanzia, hutumia mirija miwili ya brasi yenye kipenyo cha milimita 7 na urefu wa karibu milimita 53. Pima ya kwako, viwanda hutofautiana. Kabla ya kukata kijiti vipande viwili, chora mstari mmoja wa penseli kukipitia chote, ili nyuzi za juu na za chini ziendelee pamoja kalamu ikikamilika. Toboa kwa biti ya milimita 7, mwendo wa taratibu, ukiitoa kila baada ya sentimita moja kusafisha unga. Biti inapotokeza upande wa pili hupasua mti, basi acha urefu wa ziada, simamisha biti kabla haijatoka, kisha kata hapo kwa msumeno.

Mrija ukwaruze kwa msasa namba 150. Tumia epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili), si supaglu: supaglu hushika ghafla mrija ukiwa nusu ndani, na hapo kijiti kimekwenda. Ziba mdomo wa mrija kwa kuukandamiza kwenye kipande cha kiazi mbichi, gundi isiingie ndani. Uingize huku unazungusha ili gundi ienee, na uache saa 24. Kisha sawazisha ncha hadi brasi ianze kung'aa, ukome hapo hapo. Ncha isiyokaa pembe mraba na mrija huacha mwanya kwenye pete ya katikati.

Kwenye kerezo, mwendo wa mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika unafaa. Nati ya mandreli, ile fimbo ya chuma inayopita ndani ya mirija, usiikaze sana, itaipinda fimbo na kalamu itatoka na umbo la yai. Mvule huficha mawe ya chokaa ndani yake na msaji una mchanga wake, kwa hiyo noa mara kwa mara. Vua kanzu, mikono ya shati ifungwe, miwani na barakoa visikosekane. Vumbi la mvule huwasha pumzi na ngozi. Acha nusu milimita juu ya bushi, zile pete za kupimia unene, kwa ajili ya msasa, panda kutoka 150 hadi 600, na kila namba imalizie kwa kusugua kwa urefu mashine ikiwa imesimama. Kumalizia kwa supaglu, tabaka sita nyembamba, paka kwa karatasi. Kitambaa cha pamba hupata moto kikikutana nayo hadi kikatoa moshi. Mbao yenye sifa nyingi itaibandua tu, hiyo ipe nta.

Umeuliza pia kuhusu kukereza kandambili, kwa sababu ya Flipflopi, lile jahazi la taka za plastiki lililoshushwa majini Lamu mwaka 2018. Kandambili zilivalishwa nje yake. Mifupa ni plastiki ngumu. Sponji ya kandambili haikerezeki, hukimbia patasi. Vifuniko vya chupa vilivyoyeyushwa hukerezeka vizuri, ila gundi haishiki plastiki hiyo, hivyo tundu libane mrija. Mabaki ya mpingo kutoka kwa wachongaji ni mazuri mno, lakini yakipata joto la msasa hupasuka. Tangu 2017 mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, basi chukua kwa mtu anayeweza kuonyesha ulikotoka. Ng'amba na pembe ya ndovu usiguse, hata kama ni ufunguo wa kinanda cha babu wa mtu.

Kuunganisha, tumia jiriwa iliyowekewa vibao vya mti mdomoni. Ncha kwanza, kisha mtambo wa kuzungusha, uuingize kidogo kidogo ukijaribu mrija wa wino kila mara. Ukizidi hautarudi, na wino utabaki nje daima. Ukiuza, andika jina la chombo na bandari yake kama tu unavijua kwa hakika. Usipovijua, andika "mbao ya jahazi" na aina ya mti.

Mjomba wako